Fungueni boksi wenyewe

Maneno ya fundi wa kompyuta kwa wanakikundi cha kuweka na kukopa, Nkuhungu, Dodoma, siku waliyokabidhiwa kompyuta za mezani za mkopo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mama Mwenyekiti wa kikundi, Mama Mweka Hazina ambaye leo ndiyo namwona akitabasamu tangu tuanze kuzungumza bei, wanakikundi, na wadogo zangu mlioketi kwenye mikeka huko nyuma: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

(Mbukwa!)

Niliitwa nije niseme machache, halafu kuanzia jioni nipite nyumba kwa nyumba kuwafungia mashine hizi. La kwanza nitalifanya. La pili naomba mnisamehe, sitapita. (Minong'ono.) Subirini kwanza, mama zangu, msinihukumu. Sijachoka, na hela siikatai. Ninachosema ni kwamba kuitoa kompyuta kwenye boksi, kuiunganisha na kuiwasha hakuhitaji fundi. Kunahitaji mtu anayejua kusoma, meza isiyoyumba, na nusu siku isiyo na haraka. Na nyumba ambayo kila waya ulichomekwa na fundi, siku mtoto akifagia na waya mmoja ukalegea, nyumba nzima inakaa inanisubiri. Nimeshaitwa mpaka Ihumwa kwenda kusukuma plagi iingie vizuri. Nilisukuma, ikawaka, nikapewa nauli na soda. Ile nauli ilinitia aibu kuipokea.

Woga huu hatukuuokota barabarani. Kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za Serikali zilizokuwa zimekabidhiwa mashine kuvurugika. Marufuku ile ikaja kulegezwa pole pole. Kwa hiyo wazee wengi mlioko humu mmekua mkijua kwamba kompyuta ni kitu cha ofisini, kina chumba chake, na chumba kina mlinzi. Simu mkononi hamuiogopi hata kidogo, ingawa nayo ni kompyuta. Hii ya mezani, kwa kuwa ina nyaya nyingi mgongoni, mnaiamkia.

Basi tuanze na boksi lenyewe.

Kabla hujalikata, lizunguke. Likiwa limebonyea pembe au limelowa, lipige picha hapo hapo, maana ukirudi dukani na malalamiko swali la kwanza ni kama ulilipokea likiwa hivyo. Gundi ikate juu juu kwa ncha ya kisu. Nyuma ya ile karatasi kuna kioo cha skrini, na kisu cha vitunguu hakijui tofauti. Skrini ikitoka ishike pembeni, usiikandamize katikati kwa viganja, na usiilaze kifudifudi mezani bila kutandika kitu laini.

Risiti ya EFD ipigeni picha leo, kabla ya chai. Karatasi ile inaandikwa kwa joto, haina wino. Ukiiacha dirishani kwa jua letu hili, maandishi yanafifia mpaka yanaisha, na mwezi wa nane wa dhamana unakwenda dukani ukiwa na karatasi nyeupe. Na namba ya mashine, ile iliyobandikwa mgongoni au chini, ipigeni picha pia. Boksi na maboya yake meupe yatunzeni juu ya kabati mpaka dhamana iishe. Skrini ikirudishwa dukani ikiwa imefungwa kwenye kanga, kwa bodaboda, ikifika huko haijulikani tena iliharibikia wapi. Vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vitupeni mbali na watoto.

Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinasema usiwashe mashine iliyotoka nje mpaka ipate joto la ndani, isije ikatoa umande. Hapa kwetu ligeuzeni. Kama imekaa kwenye bajaji juani tangu Majengo, iacheni kivulini ipoe kwanza.

Na sasa naomba nigombane na wenye nyumba. Ile nailoni iliyobandikwa kwenye skrini na kwenye kasha, ibandueni. Yote. Najua mnaiacha ili kitu kibaki kipya. Najua kuna televisheni humu mtaani zina miaka na nailoni yake imekuwa ya njano. (Kicheko.) Kwenye kompyuta nailoni nyingine hukaa juu ya matundu ya hewa, na mashine inakosa pumzi. Vivyo hivyo kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni kizuri, mama amekifuma kwa mkono wake, kiwekwe mashine ikiwa imezimwa, kizuie vumbi. Ikiwashwa kitoke, kiwekwe begani, kiwekwe popote.

Vumbi. Jamani, sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ikikubali. Miezi iliyobaki tunaishi na udongo mwekundu na upepo. Ndani ya kasha, lile ambalo mtaani tunaliita CPU, kuna feni inayovuta hewa ya chumbani ipoze vyuma vya ndani, na hewa ya Nkuhungu haiji peke yake. Udongo unajikusanya kwenye mapezi ya ule mtambo wa kupozea, joto linakosa pa kutokea, na mashine yenyewe, kwa kujiokoa, inapunguza mwendo. Baadaye inaanza kujizima katikati ya kazi. Mtu anakuja kwangu anasema, fundi, imezeeka, nitafutie nyingine. Naifungua naikuta imejaa shamba.

Kwa hiyo pa kuiweka: si sakafuni, hata kama wenzako ofisini wanaiweka sakafuni kwenye zulia. Juu ya meza. Si chini ya dirisha linaloangalia upande upepo unakotoka, na si ndani ya kabati lenye milango. Nyuma yake acha nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wake wa juu usipite macho yako, na dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele yako. Mimi ningeiweka sebuleni, mahali ambapo kila anayepita anaona kinachoendelea. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwa watoto.

Sasa umeme, na hapa naomba mniazime masikio kweli kweli. Kompyuta nilizoziona zikifa siku ya kwanza zilifia hapa.

Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Marekani wanatumia 120, Japani 100. Mashine nyingi za sasa zinajua zenyewe, pawa saplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme, inakubali kuanzia 100 mpaka 240 na haikuulizi. Lakini baadhi, hasa hizi zilizotumika ofisini huko nje zikaletwa kwetu, zina kiswichi kidogo chekundu mgongoni, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Kina namba mbili, 115 na 230. Kama kinasoma 115 na wewe ukachomeka, utasikia mlio, utanusa harufu, na sherehe imeisha. Kwa hiyo kabla waya wowote haujagusa ukuta, mtu mmoja ainame na tochi ya simu asome kule nyuma kumeandikwa nini. Kikiwa 115, kisukume kwa ncha ya bisibisi mpaka 230 ionekane. Kazi ya sekunde moja. Mpeni mtoto mwenye macho mazuri.

La pili ni plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu, na jino lile nene la juu ni ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Baadhi ya mashine huja na waya wenye meno mawili ya duara, wa Ulaya. Nanyi najua mnachofanya, mnachukua kalamu, mnaichomeka kwenye tundu la juu ili vizuizi vifunguke, halafu mnasukumiza yale meno mawili. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu kalamu ziko hapo hapo kwenye soketi, hata wino wake haujaisha. Kwa chaji ya simu mmezoea. Kwa kompyuta hapana. Kasha lake ni la chuma, na pawa saplai imetengenezwa iwe na ethi. Ikikosekana, chuma kile kinabeba umeme kidogo, na ukikigusa bila viatu unausikia kama sisimizi anakutembelea kidoleni. Watu wananiuliza kama mashine ni mbovu. Mashine nzima, waya ndio si wake. Nunueni waya wa meno matatu, unauzwa peke yake, na ndani ya plagi yake kuna fyuzi ndogo. Kwa kompyuta fyuzi ya ampea 3 au 5 inatosha. Na kama nyumba yako haijafungwa ethi kabisa, hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, huyo mwiteni.

Ekstensheni ya kompyuta isichangiwe na pasi, jagi la kuchemshia maji wala jiko. Wote mnajua ile ekstensheni ya sebuleni inayobeba nyumba nzima. Hiyo iacheni na kazi zake.

Halafu UPS. Kuna mtu ameuliza kabla hatujaanza kama stabilaiza ya friji inatosha. Stabilaiza inatuliza umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo imekatika. Luku ikiisha usiku mtoto yuko katikati ya kazi yake, kazi imekwenda. Mbaya zaidi, diski iliyokuwa inaandika inaweza kuharibu mafaili ya Windows yenyewe, yaani mfumo unaoendesha kompyuta. UPS ina betri ndani. Hii ndogo ya 650VA itakupa dakika chache, na kazi ya dakika hizo ni moja, kuhifadhi ulichokuwa unafanya na kuzima kwa utaratibu. Si ya kumalizia mpira. UPS nyingi za nyumbani zina utulizaji wa umeme ndani yake, tafuteni herufi AVR kwenye boksi. Kwa hiyo mwenye hela ya kimoja anunue UPS, na stabilaiza aisahau.

Lakini UPS mpya nayo ina mambo yake. Baadhi zinasafirishwa waya mmoja wa betri ukiwa haujaunganishwa kwa ajili ya usalama. Kitabu chake kitakuonyesha pa kuuchomeka. Iacheni ijae chaji kwa muda wa saa sita mpaka nane kabla ya kuitegemea. Na printa ya leza msiichomeke humo, inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo inapiga kelele kisha inazima kila kitu. Betri yake haidumu milele, miaka michache tu, na joto linaipunguzia. Ikianza kukupa nusu dakika, badilisha betri, usitupe UPS.

Najua Mama Mweka Hazina anataka kusikia habari ya uniti. CPU ndogo ya ofisini pamoja na skrini yake, kwa kazi za kawaida, inakula wati 60 mpaka 100 hivi. Tuseme 80. Ukiitumia saa tano kwa siku ni sehemu ya uniti, sifuri nukta nne. Kwa mwezi uniti 12. Pasi ya wati elfu moja ikiwaka mfululizo saa moja imekula uniti nzima, yaani kompyuta ya siku mbili na nusu. Kwa hiyo baba akigomba kuhusu Luku, muulizeni mashati yanapigwa pasi mara ngapi. (Makofi kutoka upande wa akina mama.) Mashine za kuchezea gemu, zenye kadi kubwa za picha, hizo ni habari nyingine, na nashukuru humu hakuna aliyekopeshwa.

Wakati wa radi, zima, halafu chomoa ukutani. Na kama mna waya wa intaneti unaotoka nje, nao chomoeni, radi haina mlango mmoja.

Nyaya za nyuma nitazipita haraka, kwa sababu waliozibuni walitufikiria. Karibu kila mdomo una umbo lake. Ukijikuta unatumia nguvu, mdomo si wenyewe au umeugeuza. Waya wa skrini unaweza kuwa VGA, DisplayPort au HDMI. Wa VGA, ule wa pini 15, una skurubu mbili, zikaze kwa vidole. Wa DisplayPort una kitufe kidogo cha kubonyeza kabla ya kuutoa, na nimeona watu wakiuvuta na mdomo wake. HDMI ingiza tu. Vipaza sauti, tundu la kijani. Milango ya USB ya bluu ina kasi zaidi, iacheni kwa ajili ya fleshi na diski za nje. Kibodi na kipanya vinaridhika na ile myeusi. Kukiwa na vijiti viwili vidogo kwenye mfuko wa nailoni, hizo ni antena za waifai, zinakazwa nyuma kwa mkono. Na CPU ikiwa na kadi ya picha, utaona milango ya skrini iko sehemu mbili, mmoja juu karibu na USB na mingine chini imelala. Chomeka chini. Ukichomeka juu, skrini itabaki nyeusi nawe utasema umeuziwa kimeo.

Washa. Haiwaki? Angalia mgongoni kwenye pawa saplai kuna swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Duara ni kuzima. Inawaka, feni inazunguka, lakini skrini inaandika kwamba hakuna kinachoingia? Skrini nyingi zina milango zaidi ya mmoja, nazo zina kitufe cha kuchagua mlango. Bonyeza mpaka ufike HDMI, au wowote uliotumia. Inapiga milio na haionyeshi kitu? Mara nyingi RAM, kile kijiti cha kumbukumbu ya muda, imelegea njiani, maana barabara zetu mnazijua. Hapo ama urudishe dukani kama ina dhamana, ama unipigie. Kwa hilo nitakuja.

Ikishakubali kuwaka, ya mezani yameisha na yanaanza ya kwenye kioo, ambayo ndiyo yanayomaliza bando.

Windows 11, hasa toleo la nyumbani, haikubali kumaliza kujiandaa bila intaneti na bila akaunti ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotoka ofisini hazina waifai kabisa, na hapo ndipo watu wanakimbilia kununua kifaa. Ngoja kwanza. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye CPU kwa waya wake wa chaji, ule unaopitisha na data, halafu kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kugawa intaneti, washa ile ya USB. Kompyuta inapata intaneti kupitia waya. Hakuna cha kununua.

Isipokuwa bando. Mashine mpya ikiona intaneti inaanza kushusha masasisho, na inashusha kwa gigabaiti, haioni huruma. Siku ya kwanza nunueni bando kubwa, iacheni ijisasishe, mara nyingine inajizima na kujiwasha yenyewe, msiichomoe. Baada ya hapo ingieni kwenye mipangilio ya mtandao muwashe ile alama inayoiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kunywa kila kilichoko mezani.

Itawauliza nchi, chagueni Tanzania. Itawauliza saa, na hapo mtatafuta Dodoma hamtaiona. Wala Dar es Salaam hamtaiona. Imeandikwa Nairobi. (Minong'ono, kicheko.) Chagueni Nairobi, msinune, saa ni ile ile. Msiipuuze, maana saa ikiwa si sahihi tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikidhani kuna udanganyifu. Na kwa wenye mashine zilizotumika: kama kila ukichomoa umeme saa inarudi miaka ya nyuma, kuna kibetri cha mviringo ndani, CR2032, kimekufa. Kinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya saa.

Kibodi pia itaulizwa. Ukichagua ya Uingereza wakati yako ni ya Marekani, alama ya @ na ya kunukuu zinabadilishana nafasi, na utakesha ukiandika barua pepe inayokataa.

Sasa ile akaunti. Naomba mzazi aifungue, kwa namba ya simu yake, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa na vyeti vya kuzaliwa. Sitanii. Mashine nyingi mpya za Windows 11 zinafunga diski yake kwa ufunguo, na nakala ya ufunguo huo inahifadhiwa kwenye akaunti. Kijana wa kidato cha pili akiifungua kwa jina la kujitungia na nywila aliyoisahau kesho yake, siku mashine ikidai ufunguo, picha za harusi na hesabu za kikundi zimefungiwa ndani, na hakuna fundi wa Dodoma wala wa kwingine atakayezitoa. Mzazi awe na akaunti kuu, watoto wawe na zao ndogo zisizoweza kupachika programu. Inachukua dakika kumi.

Hapo hapo, kabla hamjafurahi sana, hakikisheni mmepewa mlicholipia. Kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, kuna ukurasa wa kuhusu mashine. Unataja RAM na jina la prosesa, ubongo wa mashine. Kama risiti inasema GB 8 na ukurasa unasema 4, leo ndiyo siku ya kurudi dukani, siyo baada ya mwezi.

Waliochukua zilizotumika wasikilize hapa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inachagua. Kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Mnasomaje? Angalieni namba baada ya ule mstari mdogo. i5-8500 ni kizazi cha nane, inakubalika. i5-4570 ni cha nne, haikubaliki. i5-10400 ni cha kumi. Muuzaji atawaambia i5 ni i5. Si kweli, na mlipe kwa kujua. Mwenye ya kizazi cha nne asilie, ila asikubali kuwekewa Windows 11 ya kulazimisha ambayo kesho inagoma sasisho. Awekewe Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ya aina ya Ubuntu au Mint, ni ya bure, inafungua intaneti, inaandika barua, inacheza video. Pamoja nayo inakuja LibreOffice, nayo ya bure, kwa kuandika na mahesabu, na hata wa Windows wanaweza kuipakua. Kwa wanaodhani mambo haya hayatuhusu Waswahili, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ninachowaomba msikubali ni Office ya wizi inayowekwa kwa elfu chache kutoka kwenye fleshi. Anayevunja kufuli kwa niaba yako hajulikani ameacha mlango upi wazi. Na kinga ya virusi msinunue, iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi fleshi iliyotoka steshenari ichunguzwe kabla ya kufunguliwa.

Nilisema nitafika kwa watoto. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu yanafanyika mtandaoni, ya ajira za Serikali yanafanyika mtandaoni. Kila msimu ukifika nawaona vijana wetu wamepanga foleni steshenari, wanalipia mtu awajazie fomu, na mtu huyo ndiye anabaki na nywila zao. Hiyo peke yake inatosha kulipa mkopo huu. Lakini vijana hao hao, mashine ikiwekwa chumbani kwao mlango umefungwa, hawatasoma vitabu vya Taasisi. (Kicheko.) Ndiyo maana nikasema sebuleni. Na siku ya kufungua boksi wawepo wote, msichana asitumwe jikoni wakati kaka yake anachomeka nyaya. Mimi ningempa yeye ndiye achomeke.

Kusafisha. Kiangazi, kila baada ya miezi michache, zima, chomoa, itoe nje uani, fungua mfuniko wa ubavuni. Hewa yetu kavu inajaza mwili umeme wa msuguano, ule unaokuruka ukivua sweta, kwa hiyo gusa kwanza chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani. Tumia brashi laini ya rangi, mpya. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke unapopuliza. Tambara bichi halihusiki humo ndani, na mafuta ya nazi pia, kuna mtu aliwahi kuniuliza. Angalia nyuma kama kuna kibati kilichotolewa kikaacha tundu, lizibe, maana mende na mijusi wanapenda joto la humo, na mjusi akikauka juu ya madabodi, ile bodi kuu, ndiyo kazi ya kweli ya fundi.

Nimeambiwa nina dakika moja. Meza ile pale mbele ina boksi moja ambalo halijafunguliwa, Mwenyekiti wa kikundi ameridhia tulifungue hapa. Mimi nitakaa kwenye kiti hiki na sitagusa kitu. Namwomba mzee wetu wa mstari wa kwanza, pamoja na yule binti mwenye sketi ya shule, waje. Tochi ya simu iko wapi? Na mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja UPS, uliza sasa, huku wanaendelea.